Mtani Aliyechukua Lango

Mtani wangu hakuwa na hodi. Watu wote wa mtaa wetu husimama nje ya kizingiti changu wakaita kama dini inavyofundisha, wakaitikiwa, ndipo wakaingia. Yeye aliingia moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua chungu, akaonja mchuzi kwa kidole, akasema umepungua chumvi, na baada ya hayo ndipo alipouliza kama mwenye nyumba yuko hai. Nikimwambia kwamba mlango umewekwa kwa sababu, hunijibu: "Mlango wa Mmatumbi ni wa kuzuia nyani. Mimi ni nyani?" Nami humwambia kwamba jibu analijua mwenyewe, na kama halijui akajitazame majini.

Andika hivyo hivyo nilivyosema, mjukuu wangu. Usinipambie na usimpambe.

Asiyejua mila atadhani tulikuwa tukigombana. Kwao na kwetu Wamatumbi ni watani tangu mababu, na mtani ana haki ambayo ndugu wa tumbo moja hana. Aweza kukutukana mbele ya mkweo. Aweza kuingia uani kwako, akakamata kuku na kuondoka naye mchana kweupe, nawe huruhusiwi kudai wala kununa. Ukinuna umevunja utani, na aliyevunja utani siku ya msiba wake ataliwa na ukimya, kwa maana mtani ndiye asimamaye wakati wenye maiti wamelegea. Alikozaliwa mtani wangu na nani alimzaa si kazi yangu leo. Hayo waulizwe walio wake. Mimi nasema niliyoyaona, tangu nilipoteremka milima ya Kipatimu nikiwa mke wa mtu wa pwani mpaka juzi alipoondoka.

Alinilia kuku wengi. Lakini mume wangu alipofariki, na nyumba imejaa watu waliokaa kimya mpaka kimya chenyewe kikawa kizito kuliko jeneza, mtani wangu alitoka chumbani mwangu amevaa koti la marehemu na kofia yake, akiegemea bakora yake, akikohoa kile kikohozi chake cha kutangulia neno. Akatembea vilevile, bega moja juu. Akafika mkekani akauliza kwa sauti yake: "Nani amekalia mahali pangu? Kahawa iko wapi? Na huyu mwanamke wa milimani analia nini, juzi tu alininyima ukoko!" Wazee waliinamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika. Mimi nilicheka mpaka kanga ikanivuka kichwani, na katika kule kucheka ndipo machozi yaliponitoka, ambayo tangu alfajiri yalikuwa yamekataa. Mtu aliyekutendea hivyo, hata akimaliza banda zima la kuku, hujamlipa.

Kazi yake ilikuwa makumbi. Kwa wale waliokulia mbali na pwani nitaeleza. Ganda la nje la nazi halitupwi. Hufukiwa katika tope la ufukwe, pale ambapo maji hufika na kuondoka, nalo hukaa humo miezi mingi mpaka lioze sehemu iozayo na kubaki sehemu isiyooza. Kisha hufukuliwa, hupigwa kwa gongo juu ya gogo, na nyuzi zake huachana. Nyuzi hizo ndizo usumba, na usumba ukisokotwa ndio kamba: ya kitanda, ya kufungia boriti, ya kufungia mbuzi na ya kumshushia maiti kaburini. Ni kazi ya wanawake. Harufu yake ni ya yai viza, na asiyeizoea hupita ameziba pua. Mtani wangu alikuwa akisema kwamba harufu hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto, na kwamba mtu akiona inamkera aende akanuse watoto wake mwenyewe.

Mashimo ya makumbi hayakuwa na maandishi. Yalikuwa na mawe. Juu ya kila shimo mwenyewe aliweka mawe yake ili bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likija na nguvu lisizoe maganda, na kila mwanamke alilijua jiwe lake kama anavyoujua uso wa mwanawe. Mimi nililetewa langu kutoka milimani, jeusi na laini, na watu wa pwani walilicheka. La mtani wangu lilikuwa pande la tumbawe lenye tundu lililojikunja mithili ya sikio. Aliliita msikilizaji. "Mimi nikilala," alisema, "hilo linasikiliza wezi."

Na hapa niseme alivyokuwa, kwa kuwa watu wameanza kumtaja kama vile alikuwa mtu wa kugawa. Hakuwa. Alikuwa mchoyo wa mahali. Mashimo yake yalikuwa upande wa mikoko, kwenye tope zito ambalo halihamishwi na mawimbi, mahali bora kuliko pote, na yaliongezeka mwaka hata mwaka bila mtu kuona yameongezeka lini. Siku moja bibi harusi mpya wa mtaa wa pili alimwendea kwa adabu zote, akapiga goti, akaomba apewe pembe moja tu afukie maganda yake ya kwanza. Alimjibu: "Mwanangu, ufukwe huu ni wa Mungu, hakuna aliyeununua. Ila hapa Mungu amenikabidhi mimi." Nilikuwapo. Nilimwambia kwamba roho yake ni nyembamba kuliko uzi wa usumba. Akasema: "Uzi mwembamba ndio usokotao kamba ngumu. Ninyi mnaolima mihogo mtajua nini?"

Basi wakubwa wa mji walipoleta habari ya bustani, nilidhani yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutaka ukuta, ajifungie na mashimo yake ndani. Sikumjua bado.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Ufukwe wote wa mbele ya mji, kuanzia gofu la boma la zamani hadi mikoko, ungefanywa bustani ya watu wote: viti vya kujengwa, ngazi za kushukia majini, maua na taa. Bustani ingejengwa kwa fedha ya umma. Lakini nani angeitunza, na kwa kanuni gani, wananchi walitakiwa waseme. Tukaitwa kwenye baraza ya ofisi ya mtaa. Aliyetumwa kutusikiliza alikuwa binti wa makamo ya mabinti zangu, mwenye heshima, aliyetuamkia shikamooni wote kabla ya kukaa.

"Marahaba," mtani wangu alimjibu kwa niaba ya baraza zima. "Umekuja kutusikiliza au kutuambia?"

"Kuwasikiliza, mama."

"Basi kaa vizuri. Tuna maneno mengi kuliko viti vyako."

Kila mtu alisema lake. Wanawake wa kukaanga samaki walitaka mahali pa majiko palipokingwa na upepo. Vijana walitaka mchanga uachwe wazi wacheze mpira maji yakipwa. Mwalimu wa madrasa aliomba viti vyote vitazame bahari na visiwekwe nyuma ya vichaka, akasema anayetaka kukaa na mchumba wake akae mahali ambapo hata mama mkwe anaweza kupita. Mwenye nyumba ya wageni alisimama akasema kwa maneno laini kwamba makumbi yahamishwe, kwa kuwa mgeni hawezi kunywa chai huku akinusa yai viza.

Mimi nilisimama nikataka ukuta na lango. Nilisema hivi, na sijaona hata leo kosa la maneno yale: kwetu milimani shamba lisilolindwa ni la nyani na nguruwe, kitu kisicho na mpaka hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huliwa kwa siku moja. Nilitaka lango lifunguliwe asubuhi, lifungwe jioni, na awepo mtu wa kuulizwa kitu kikiharibika.

Mtani wangu hakusubiri apewe nafasi. "Mmatumbi," alisema, "utaifunga bahari kwa komeo gani? La chuma litakula kutu. La mti tutachochea moto."

Watu wakacheka. Yule binti akasema: "Mama, tunasikiliza maoni yote."

"Hayo si maoni, mwanangu. Hiyo ni hofu ya nyani. Hapa nyani hawapo, yupo yeye peke yake."

"Na wewe, mama, unataka nini?"

Hapo mtani wangu aliacha mzaha, na sura yake ikawa ile niliyoiona mara chache. "Nataka pasiwe na mlango. Pwani ina mlango wake, nao ni maji. Yakijaa yamefunga, yakipwa yamefungua, na hakuna anayepewa ufunguo akatamba nao mjini. Mkiweka lango la watu, leo atashika ufunguo mtu mwema, kesho atashika shemeji yake."

Nilisimama tena nikamuuliza: "Na takataka je? Maji yatafagia?"

"Utafagia wewe," alijibu, "maana wewe ndiye unayeuona uchafu kabla haujaanguka."

Baraza likavunjika kwa kicheko, na neno likabaki bila kuamuliwa. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilimkuta jikoni kwangu ameshapakua.

Kilichoamua hakikuwa mkutano. Kilichoamua ni mawe.

Fundi aliyepewa kujenga alikuwa mgeni, hakuwahi kuishi pwani, na sitamtaja kwa ubaya, kwa kuwa mahali pake na mimi ningekosea vilevile. Alihitaji mawe ya misingi ya viti na ya ngazi. Akatazama ufukweni maji yalipopwa, akaona mawe mazuri, makubwa kwa wastani, yametawanyika juu ya tope bila mwenyewe. Sisi wanawake siku ile tulikuwa tumekwenda kijiji cha jirani kwenye harusi. Vibarua wake wakayaokota yote, na tuliporudi yalikuwa yamekwisha kulala ndani ya saruji.

Maji yalipopwa tulishuka tukakuta ufukwe umenyooka kama kichwa kilichonyolewa. Hapakuwa na alama hata moja. Mtu alikuwa na maganda ya mwaka mzima chini ya tope, wala hajui yalipo. Wakaanza kupima kwa miguu, kutoka kwenye mkoko huu, kutoka kwenye gofu lile, na kila mmoja hatua zake zilimpeleka kwenye shimo la mwenzake. Wawili walionyonya ziwa moja walikamatana kanga. Mmoja alilia jina la marehemu mama yake awe shahidi. Fundi alikuja akasimama kando, mikono nyuma, akisema: "Mama zangu, nisameheni, mimi niliona ni mawe tu." Hakuna aliyemsikia.

Nilimtafuta mtani wangu kwa macho, maana yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza, na nilitazamia kuona damu. Alikuwa amekwenda kwenye kiti cha kwanza upande wa mikoko. Alikuwa amechutama mbele yake, ametia kidole katika tundu la jiwe lake, ambalo lilikuwa limejengewa ubavuni mwa kiti, sikio likitazama nje. Kisha akainuka, akashuka topeni, akapayuka kama anayefukuza mbuzi:

"Enyi wanawake! Bamvua linakuja wiki hii, na mashimo hayana mawe. Mkiendelea kupimana, bahari itachukua bila kupima. Fukueni yote!"

"Ya nani yatakuwa ya nani?" mmoja aliuliza.

"Kumbi likishaoza lina jina? Rundikeni pamoja. Tutayapiga pamoja, tutagawana sawa."

"Agawe nani?"

Akageuka, akanielekezea kidole chenye tope. "Agawe Mmatumbi. Hana huruma na mtu yeyote."

Ndivyo nilivyopewa kazi ile, kwa tusi. Tulifukua siku hiyo na siku zilizofuata, kila maji yalipopwa, wenye mashimo mengi na wenye shimo moja, na yule bibi harusi aliyenyimwa pembe naye aliitwa akaja. Tulirundika kilima juu ya mstari wa maji. Bamvua lilipokuja lilipita juu ya mashimo matupu. Nilipogawa usumba niligawa sawasawa, fungu kwa fungu, nami sikumtazama mtu usoni. Mtani wangu alipata kidogo kuliko alivyozoea kupata kwenye mashimo yake peke yake. Alilitazama fungu lake, akanitazama, akasema: "Umegawa vizuri, Mungu akulaani." Jioni ile alikuja akachukua jogoo.

Tangu hapo mashimo hayakurudi kuwa ya mtu. Na kwa kuwa wanawake wa makumbi ndio waliokuwa wamekwisha kupanga zamu ya kufukia na kufukua, wakubwa wa mji walipouliza tena nani atatunza bustani, jibu lilikuwa limekwisha kukaa ufukweni. Wakaanga samaki waliingia, vijana wa mpira wakaingia, mwalimu wa madrasa akaingia na viti vyake vinavyotazama bahari. Tukawa kamati. Makumbi yalihamishiwa mwisho wa mikoko, ambako upepo huchukua harufu kuipeleka baharini, na kupiga ikawa asubuhi tu, kabla ya watu wa chai. Mkaanga samaki anaondoka na majivu yake. Ijumaa hakuna kazi yoyote ufukweni mpaka watu watoke msikitini. Lango halikuwekwa. Mimi nilipinga mpaka dakika ya mwisho, nikashindwa, nikakubali kushindwa, nikachukua fagio.

Sasa msidhani kwamba mtani wangu, aliyepigania kusiwe na mlango, aliwapokea watu kwa mikono miwili. Alikuwa lango lenye miguu. Kile kiti chenye jiwe lake alikifanya baraza yake, na mgeni akikikalia, hata awe na tai shingoni, alimwendea akamwambia: "Umekalia shimo langu." Mgeni huinuka akatafuta shimo. Vijana waliokuja na spika ya muziki aliwakalia katikati yao, akaanza kuimba nyimbo zake za kupigia makumbi kwa sauti mbaya kuliko spika, mpaka wakazima wenyewe. Walipoondoka mmoja alisema: "Bi mkubwa, si ulisema pwani haina mlango?" Akamjibu: "Haina. Ndiyo maana mnatoka kirahisi."

Maua aliyadharau. Alisema ua haliliwi wala halisokotwi. Lakini ngazi za kushukia majini zilipoanza kuota mwani wa kijani na wazee kuteleza, alisokota kamba nene ya usumba, akaifunga kwenye nguzo juu na chini iwe ya kushikia, na kila ilipooza alifunga nyingine bila kuambiwa. Kwenye kamba hiyo hiyo alimfunga mbuzi wake, jambo lililokatazwa na kanuni aliyoitunga mwenyewe. Na Ijumaa moja tulimkuta anafukua makumbi, kwa kuwa alitaka kuwahi mnunuzi. Kamati ilikaa. Nilikuwa mkali, sikatai. Akahukumiwa kufagia ngazi. Alizifagia mbele ya mji mzima huku akinitaja katika wimbo alioutunga hapo hapo, kuhusu mwanamke wa milimani aliyeogopa maji mpaka akaoga mchanga. Watoto wanauimba hadi leo. Lakini alifagia ngazi zote, na Ijumaa hakuonekana tena.

Hakupenda kusifiwa, na hakujua kushukuru. Alipougua macho nilimpelekea uji, akasema mzito. Nikampelekea mwepesi, akasema nimeufua. Nilipokaa siku moja bila kwenda, alimtuma mtu aje kuniuliza kama nimekufa, ili awahi koti.

Sasa neno lile la lango limerudi.

Kamati imechoka. Taa zimezimika, na aliyekuwa akifuatilia amehama. Zamu zinarukwa. Chupa zinaachwa chini ya viti, na vijana wa siku hizi hawajui kwamba viti vile vina mawe yenye historia. Akaja mtu mwenye maneno mazuri, akasema akikabidhiwa bustani ataweka ukuta na lango, vyoo safi, taa na walinzi. Mtu ataingia kwa tiketi. Makumbi yatatafutiwa pengine. Hakusema ni wapi. Watu wamegawanyika, na mkutano utakuwa Ijumaa hii, baada ya swala. Nami nilikuwa wa kwanza kusema apewe. Hakuna aliyeshangaa. Tangu siku ile ya baraza nimesema kitu kisicho na mlinzi huliwa, na nilihisi kwamba umri umenipa haki.

Hali ilikuwa hivyo nilipomkuta juzi.

Miguu yake imekataa kazi. Binti yake anayeishi Lindi alikuja kumchukua akakae naye, na bajaji ilipofika mtani wangu alimwambia dereva apite kwanza ufukweni. Nami nilikuwa nimekwenda kuchukua fagio langu. Nikamwona ameketishwa juu ya kiti chake, binti amesimama kando na mabegi, kidole kiko ndani ya sikio la jiwe. Nikaenda nikakaa.

"Umekalia shimo langu," aliniambia.

"Shimo lako ni Lindi sasa. Nenda ukafukie huko."

"Nitafukia. Wa Lindi hawana Mmatumbi wa kuwagawia." Akatazama majini. Maji yalikuwa yamepwa. Kule mwisho wa mikoko wanawake walikuwa wakipiga makumbi, magongo yakipishana. "Nasikia umepata lango lako."

"Bado. Ni Ijumaa."

"Utasema nini?"

"Nitasema nilichosema siku zote. Kitu kisicho na mlinzi huliwa."

Nilimngojea anicheke. Hakucheka. Alisema: "Kweli. Wale kule unawaona?"

"Nawaona."

"Ukijitokeza asubuhi huwa wanasemaje?"

"Wananisema. Wanasema nimekuja kuhesabu maganda waliyodondosha njiani."

"Na huyaokota?"

"Huyaokota wao. Mimi sitoki mpaka wameokota."

"Na wenye chupa?"

"Hao nawafuata mpaka kwa mama zao."

"Basi lango gani lina kelele kuliko wewe?" Binti yake aliziba mdomo kwa kanga. "Ukuta ukiwekwa, tiketi utakata kwa hela gani? Na wale watapiga usumba wapi, kitandani kwako? Utakaa nje ya lango lako mwenyewe, Mmatumbi, na fagio mkononi, unagonga."

Nilimwambia maneno yake mazuri ila takataka hazijui maneno, na kwamba mimi sitaishi milele. Akasema hata yeye hana mpango huo. Dereva wa bajaji akapiga honi. Binti akainama kumnyanyua, mtani wangu akamzuia kwa mkono.

"Ngoja. Sijachukua changu."

"Kuku wamekwisha," nilimwambia. "Wa mwisho ulimla Idi."

"Kuku nitamla kwa meno gani? Nachukua lango."

"Lango lipi? Halijajengwa."

"Lile ulilolibeba kichwani tangu Kipatimu. Nalichukua, naenda nalo. Wala usinune, maana mimi ni mtani wako."

Akanyoosha mkono wake ule mgumu wa kupigia makumbi, akafumba ngumi mbele ya kifua changu kama anayeng'oa kitu, akakivuta. Akakiweka katika pindo la kanga yake, mahali wanawake tunapofunga hela ya sokoni, akakaza fundo kwa vidole vilivyosokota kamba maisha yake yote. Kisha akamwambia binti yake: "Haya, twende. Nimeshachukua."

Nilitamani kununa, na nilinuna kidogo, njia nzima mpaka nyumbani. Nilifunua chungu changu mwenyewe, nikaonja mchuzi. Ulikuwa umepungua chumvi.

Kwa hiyo nasema mbele ya mjukuu wangu, naye ameandika, na Ijumaa atasoma nisije nikaambiwa nimegeuzwa na mtu. Sijageuka. Bado nasema kisicho na mlinzi huliwa, na mlinzi nitakuwa mimi, na wewe unayeniandikia, na kila mwenye zamu aliyeiruka, ambaye namjua kwa jina na nitamfuata kwake. Taa zitafuatiliwa. Ngazi zinataka kamba mpya, na usumba upo. Ama lango, silikatai wala silikubali, kwa sababu silo langu tena. Limechukuliwa na mtani, na alichochukua mtani hakidaiwi. Anayelitaka apande gari aende Lindi, amwombe alifungue pindoni mwake. Mimi Jumamosi asubuhi, maji yakipwa, nitakuwa ufukweni.